Mlango wa Uani

Alasiri moja ya mwezi wa Machi, Nesta Tranter aliingia chumbani kwa mwanamume asiyekuwa mumewe, akamkuta amelala chali na soksi miguuni, akamfunika shuka vizuri hadi kidevuni, akatoka taratibu asimwamshe. Alipofika katikati ya ngazi ndipo alipojiuliza yule mtu ni nani.

Alikuwa Bwana Fairclough, daktari wa meno mstaafu, na chumba kilikuwa chake, kakinunua kihalali pamoja na jiko la chini na ngazi ya kupandia. Wala hakuwa amelala sawasawa. Jioni ile ile alipanda hadi fleti namba nne kumwona Gwenda, bintiye Nesta, akiwa bado amevaa kanzu ya kulalia juu ya suruali.

"Nilifumbua jicho moja," alisema, "nikaona bibi kichwa cheupe ananifunika shuka. Nikajua tayari, nimekufa, na huyu ndiye wanayemtuma kupokea watu."

"Samahani sana, Bwana Fairclough."

"Mimi sina ugomvi na mama yako, Gwenda. Ila nina moyo mbovu. Siku moja atanifunika kweli."

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza mama yake alimkuta mzee wa watu jikoni, amevaa chupi tu, anakaanga yai. Mara ya pili hakumkuta, akaviosha vyombo vyake vyote na kuvipanga kwenye kabati ambalo kumbe lilikuwa la viatu.

Kabla mtu hajamcheka Nesta, au hajamwonea huruma, ambayo ni mbaya zaidi, aielewe kwanza nyumba yenyewe. Pellbury ni jumba la mawe mekundu lililokaa juu ya kijiji chetu, na sisi wa huku chini tumezoea kuliona likibadili kazi kama mtu asiyedumu kwa tajiri yeyote. Vita vya dunia vilipopamba moto lilikuwa hospitali ya askari waliokatika viungo. Vita vilipokwisha likarudi mikononi mwa kina Harcombe, waliolijenga, lakini nusu ya vyumba vilibaki vimefungwa maana hapakuwa na watu wa kuvifagia wala makaa ya kuvipasha moto. Mzee Harcombe alipokufa, kodi ya urithi ikawanyanyua wenyewe na mabegi yao, jumba likawa shule ya bweni ya wasichana. Shule ikaishiwa wasichana. Akaja bwana mmoja kutoka Birmingham na viatu vyeupe na mipango mingi, akaligeuza hoteli, na hoteli ikafilisika siku ya arusi, wageni bado wako mezani wanasubiri keki. Baada ya hapo paa likavuja miaka kadhaa, njiwa wakala raha, ndipo walipokuja mafundi wa kulikatakata liwe fleti. Sasa linakaa watu wanane au tisa wasiofahamiana sana, na kila mmoja anasema anaishi Pellbury kana kwamba anaishi peke yake.

Nesta aliingia humo ana miaka kumi na minne, mwaka mmoja baada ya vita. Mama yake alimwacha getini na kifurushi cha nguo. Kwa kuwa mlango wa mbele ndio uliokuwa karibu, akapanda ngazi zake za mawe na kuugonga. Akatoka Bi Ambler, mkuu wa watumishi, mwanamke mrefu mwenye funguo kiunoni. Hakumgombeza. Alimshika mkono, akamshusha zile ngazi, akamzungusha nyumba nzima, wakapita stoo ya makaa na kibanda cha kuku, mpaka kwenye mlango mdogo wa kijani uliokuwa uani. Akamwambia, "Mlango wako ni huu, mtoto. Ukishaujua huu hutapotea."

Na kweli hakupotea. Alitandika vitanda vya kina Harcombe. Shule ilipokuja walimwuliza kama anajua kufua shuka za watoto, akasema anajua, akafua shuka za watoto zaidi ya miaka thelathini. Hoteli ilipokuja walimwuliza kama anaweza kutandika kitanda kwa namna ya hoteli, akasema kitanda ni kitanda. Matajiri walibadilika, rangi za kuta zikabadilika, chumba cha mazoezi ya piano kikawa darasa la hesabu, darasa likawa baa. Lakini kina Harcombe walitaka watumishi wapite uani, mwalimu mkuu naye akataka wafanyakazi wapite uani, na yule bwana wa viatu vyeupe, ambaye hakuwahi kukubaliana na mtu juu ya jambo lolote, naye akataka vivyo hivyo. Nyumba ilibadilisha kila kitu isipokuwa mlango wa Nesta.

Huo ndio sasa mlango wa jikoni kwa Bwana Fairclough. Na ngazi ya nyuma, ambayo zamani ilimpeleka Nesta popote alipotaka bila kuonekana na mtu, sasa ilipanda hadi palipokuwa chumba cha shuka, ambacho siku hizi ni chumba cha kulala cha daktari wa meno, na ikaishia hapo. Mbele yake mafundi waliziba kwa ukuta. Mara ya pili, alipomaliza vyombo, Nesta alipanda akasimama mbele ya ukuta ule akaupapasa kwa viganja, juu na chini, akiwa na hakika kabisa kwamba mlango ulikuwepo asubuhi.

Alihamia fleti ya binti yake baada ya kuteleza kwenye barafu na kuvunjika nyonga. Mumewe Perce, dereva wa trekta kwenye mashamba ya matofaa, alishafariki, na nyumba yao ya kijijini ilikuwa na ngazi kama za mnarani. Kwetu tunafuga ng'ombe, tunajua kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Ila zizi la Nesta lilikuwa limekatwa vipande na kuuzwa, na yeye akawekwa katika kipande ambacho hakikuwa chake.

Maana fleti namba nne ndiyo iliyokuwa chumba cha Lady Harcombe, bibi mwenye nyumba. Dari yake ina mazabibu ya plasta ambayo Nesta aliyafuta vumbi kwa unyoya uliofungwa kwenye fimbo. Gwenda, aliyekuwa karani wa benki huko Hereford, aliinunua baada ya kuachana na mumewe, kwa fedha yote aliyoipata. Siku ya kumhamisha mama yake alimpeleka dirishani akamwambia, "Sasa utalala kwa Lady, Mama. Unaonaje?"

Nesta alisema anaona vizuri sana. Usiku ule alilala ukingoni mwa kitanda, kama mtu anayengoja kuitwa.

Kutoka hakukuwa na tabu. Asubuhi walishuka pamoja, Gwenda akienda kazini, wakatokea mlango wa mbele huku binti kamshika mama mkono. Tabu ilikuwa kurudi. Akitoka kijijini na kikapu chake, akili ikiwa kwenye bei ya siagi au kwenye goti, miguu ilishika njia yake yenyewe: stoo ya makaa, banda la kuku lililogeuzwa maegesho ya baiskeli, uani, mlango wa kijani ambao siku hizi ni wa kijivu, na ambao Bwana Fairclough hakuwa na desturi ya kuufunga kwa ufunguo. Ufunguo wa mlango wa mbele ulikuwa mfukoni, unagongana na vidonge vyake vya shinikizo la damu. Mazoea yana taabu.

Baada ya mkasa wa shuka, Gwenda alifanya mambo mawili. La kwanza, alimwita muuguzi wa kliniki ya wazee aje ampime mama yake akili. La pili, alipiga simu Larkfield.

Larkfield ni nyumba ya kutunzia wazee, maili chache kutoka kwetu. Haina ubaya. Ina joto, wana paka, na Jumapili watoto wa kanisani huenda kuimba. Kuna chumba kimepatikana, walisema, na watamshikia Gwenda mpaka Ijumaa jioni. Gwenda akamwambia mama yake wazi, hakumficha: Ijumaa mchana wataenda kukiona, na kama kinafaa, basi.

"Kinafaa nini?" Nesta aliuliza.

"Kinakufaa wewe, Mama."

"Na wewe utabaki hapa?"

"Mimi ninafanya kazi mchana kutwa. Siwezi kukulinda usiingie kwa watu."

Nesta alisikia hilo tu: kwamba huenda akafa mbali na mwanawe, na mbali na nyumba aliyoitandika maisha yake yote, kwa sababu ya mlango. Na kilichomtisha zaidi ni kwamba hakuweza kusema Gwenda amekosea. Labda kichwa kweli kilikuwa kinaondoka. Mtu atajuaje? Kinachoondoka ndicho chenye kazi ya kujua.

Muuguzi alikuja Jumatano. Aliitwa Tamsin, binti mpole, kavaa raba. Waliketi sebuleni chini ya mazabibu. Nesta alijua siku, alijua mwezi, alijua jina la waziri mkuu na akaongeza anavyomfikiria. Alihesabu kurudi nyuma kutoka ishirini. Alikumbuka maneno matatu aliyoambiwa ayakumbuke, kijiko, daraja na paka, akauliza kama kuna mengine.

"Unafanya vizuri sana, Bi Tranter," alisema Tamsin. "Sasa niambie, hapa tuko wapi?"

"Pellbury."

"Vizuri. Na ndani ya Pellbury, hiki ni chumba gani?"

Nesta alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, neno jepesi la kila siku, lakini kila alipolinyooshea mkono likaja jingine.

"Unataka jina la lini?" akauliza.

"La leo tu."

"Hapa alilala Lady Harcombe. Kitanda pale, ulipoketi wewe." Tamsin alijisogeza kidogo bila kutaka. "Kisha wakalala watoto sita, wale wadogo. Mmoja alikuwa akikojoa kitandani. Nilikuja alfajiri nikambadilishia shuka kabla wenziwe hawajaamka, hakuna aliyejua. Kisha ikaja hoteli, hiki ni namba kumi na moja. Kumi na moja ni cha fungate, huwekwa maua, na hugongi mpaka saa nne."

"Na leo, Bi Tranter?"

Alitazama kochi. Alitazama televisheni. Jiko dogo la Gwenda lilikuwa pale lilipokuwa bafu, na bafu lilikuwa pale lilipokuwa kabati la magauni.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Naona vyote. Sijui mimi niko katika kipi."

Tamsin aliacha kuandika, akamshika mkono. Baadaye alimfuata Gwenda jikoni akasema kwa sauti ya chini, ingawa Nesta alisikia, maana alizoea kusikia mambo ya jikoni. "Mengine yote kapata. Ni hili la mahali tu."

"Kwa hiyo ni ugonjwa?"

"Nikisema ndiyo nitakuwa nimedanganya. Nikisema hapana vilevile." Muuguzi alijikuna shingo. "Wengi hawajui walipo kwa sababu wamesahau. Huyu sijui nimwiteje."

Alhamisi jioni walikula pai ya nyama na njegere. Gwenda aliweka uma chini.

"Mama, hebu niambie kwa nini."

"Miguu."

"Miguu haina akili."

"Basi tumelingana, na mimi sina. Si ndivyo alivyosema yule mtoto wa raba?"

"Usinifanyie mzaha. Nakuuliza kweli. Una ufunguo. Una mlango. Mlango mkubwa, mzuri, unafunguka kwa kidole. Kwa nini unapitia kwa watu kama mwizi?"

"Kule ndiko ninakojua."

"Unajua unanifanyaje ukipita kule?" Sauti ya Gwenda ilipanda, kisha ikavunjika. "Unajua mimi nilikuwa wapi kila siku baada ya shule? Nilikuwa nimesimama uani nakungoja. Mvua ikinyesha nasimama chini ya ule mchirizi. Siruhusiwi kuingia, mtoto wa mfuaji. Wale wasichana wanapita dirishani na soksi zao nyeupe wananitazama kama wanatazama kuku."

Nesta alimwangalia bintiye kama aliyeongea lugha ya watu wengine. Alizikumbuka siku zile. Ndizo zilizokuwa siku njema kuliko zote. Mvuke wa kufulia, wanawake wanacheka, na mtoto wake yuko salama pale nje akicheza na paka.

"Nilikuletea mkate wa jemu," alisema.

"Uliniletea. Nikaula nimesimama."

"Mpishi alikupenda sana."

"Mama." Gwenda alijifuta uso kwa kitambaa cha mezani. "Hiki chumba sikukihitaji. Kina baridi, na bomba linalia. Mimi nilinunua mlango. Nilitaka niseme mama yangu anaingia Pellbury kwa mbele. Na wewe kila siku unanirudisha uani."

Akaondoka mezani. Nesta alibaki na sahani mbili. Mambo yalimchanganya kiasi kwamba hakujua aanzie wapi kuhuzunika. Kumbe uani palikuwa na watu wawili katika siku moja, mmoja ana furaha na mwingine anadhalilika, na aliyekuwa na furaha hakugeuka kumtazama mwenzake. Au aligeuka akaona paka tu. Alikaa mpaka njegere zikapoa, akiutafuta uso wa mtoto yule wa chini ya mchirizi, na kila alipoupata ulikuwa unatabasamu. Hakujua tena kama ni kumbukumbu au ni kitu alichojitandikia mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Gwenda hakwenda kazini. Alisema watatoka saa sita, koti liwe tayari. Nesta akasema anakwenda kununua mkate.

Mkate ulinunuliwa upesi, lakini Nesta alipitia kwa Maudie Pugh, ambaye walifua naye shuka enzi za shule, na ambaye ulimi wake haujawahi kuugua. Alimweleza yote wakiwa wamesimama mlangoni, maana Maudie alikuwa anapiga deki.

"Kwa hiyo shoga yangu unapelekwa Larkfield kwa kuogopa mlango," alisema Maudie.

"Siuogopi."

"Unamwogopa nani basi? Ambler? Alikufa zamani, nawe ulikula keki ya mazishi yake, vipande viwili, nilikuona."

"Nilikula kimoja."

"Viwili. Lady kafa. Mwalimu mkuu kafa. Yule wa viatu vyeupe sijui, lakini akirudi hapa tutamuua sisi. Hakuna aliyebaki wa kukukataza."

"Wala hakuna anayenikataza, Maudie. Ndiyo shida." Nesta alihamisha mkate mkono wa pili. "Kule nyuma mtu akiniuliza wewe nani, ninajua. Mimi ni Nesta wa shuka. Hata wakubwa walikuwa wakija kule kuniuliza kitu, wananiita kwa jina. Pale mbele nikisimama, mimi nani? Hebu nambie. Mimi nani?"

Maudie aliegemea mpini wa dekio lake akafikiri, jambo ambalo halifanyi mara kwa mara.

"Mwanamke mwenye ufunguo," alisema. "Haya ondoka, unanikanyagia deki."

Mvua ilianza alipofika kwenye mteremko. Aliinamisha kichwa akaufunika mkate kwa skafu, na akili yake ikawa kwa Gwenda mdogo na mchirizi, na alipoinua macho alikuwa amesimama uani. Mlango wa kijivu ulikuwa umefungwa. Bwana Fairclough alikuwa ametia kitasa kipya, kinang'aa, na mbele yake akapanga vyungu vitatu vya maua ili miguu ya mtu ipate kujikwaa na kujifikiria.

Nesta alikitazama kile kitasa. Alitaka kucheka, akaona machozi yanamtoka, akashangaa kwa nini yamekosea njia.

Dirisha la jiko likafunguka. "Bi Tranter," alisema Bwana Fairclough, leo kavaa nguo zote. "Mlango wako uko mbele."

"Najua, bwana."

"Unalowa."

"Najua hilo pia."

Mzee yule si mtu mbaya. Ni mpweke tu, na watu wa meno hawajazoea kutembelewa na mtu asiye na maumivu. "Niliponunua mlango huu," alisema, "hakuna aliyeniambia una mwenyewe." Akatoweka dirishani. Nesta akasikia kitasa kinazungushwa, vyungu vikasukumwa na mguu, na mlango ukafunguka. Joto la jiko likamfikia usoni. Sakafu ilikuwa ile ile, mawe yale yale, na pale kwenye kizingiti paliliwa na viatu, vingi vikiwa vyake.

"Pita basi," alisema Bwana Fairclough. "Leo tu. Nitakupeleka mimi mwenyewe mpaka juu kwa kupitia ukumbini, binti yako hatajua."

Miguu ya Nesta ilikwisha kuanza. Mmoja ulikuwa juu ya kizingiti tayari. Chini ya ukingo wa paa, pembeni yake, mchirizi ulikuwa unamwaga maji kwa kelele, na pale chini yake jiwe lilikuwa na shimo dogo ambalo hakuwahi kuliona, yeye anayejua kila kitu cha uani. Nafasi yenyewe ilikuwa finyu. Ilimtosha mtoto, akijibana.

Aliurudisha mguu.

"Ahsante, bwana," alisema. "Nikipita leo nitapita na kesho."

"Utaumwa na mvua hii."

"Nitaumwa nikiwa mbele."

Akamwacha amesimama na mlango wake wazi. Akapita baiskeli, akapita stoo ya makaa, akaizunguka nyumba yote kwa njia ile ile ambayo Bi Ambler alimpitisha, ila kinyumenyume, na nyonga ikimlalamikia kila hatua. Madirisha yalimchanganya kama kawaida: hapa baa, hapa hesabu, hapa askari mmoja asiye na mkono aliyebaki kwenye hadithi za wapishi. Aliyaacha yaseme yanayotaka. Zile ngazi za mawe alizipanda akiwa ameshika ukingo, akafika juu akihema, akasimama mbele ya mlango mkubwa mweusi, maji yakimtiririka kutoka kwenye skafu. Moyo ulikuwa unampiga kama wa msichana aliyetumwa kazi asiyoijua.

Ufunguo alikuwa nao mkononi. Lakini kando ya mlango, ukutani, palikuwa na kibao cha shaba chenye vitufe, kila kitufe na jina lake. Siku zote alitoka hapa akiwa ameshikwa mkono, anaangalia ngazi asianguke, hakuwahi kukisoma. Namba moja, Fairclough. Namba mbili, watu fulani. Namba nne, Tranter.

Alijua kwamba Gwenda alirudia jina la baba yake alipoachika. Lakini kujua ni jambo moja, kuliona ni jingine. Perce hakuwahi kufika hata uani. Alikuwa akisubiri na trekta lake barabarani na kupiga honi. Na sasa jina lake lilikuwa limechongwa kwenye shaba ya mlango wa mbele wa Pellbury, na maji ya mvua yanaliosha.

Nesta aliutia ufunguo mfukoni, akabonyeza kitufe.

Kibao kikakoroma. "Nani?" ilikuwa sauti ya Gwenda.

"Mimi."

"Mama? Uko wapi?"

"Mlangoni."

"Mlango upi?" Sauti ilikuwa imechoka, ya mtu anayejua jibu.

"Wa mbele."

Kibao kikakoroma tena, Nesta akadhani ameharibu mashine.

"Si una ufunguo, Mama?"

"Ninao. Ila mtu akija mara ya kwanza hafungui tu, anauliza kwanza." Alisogeza mdomo karibu na ile shaba, maana hakuwa na hakika inasikiaje. "Nimekuja kwa kina Tranter. Wapo?"

Safari hii alisikia pumzi ya binti yake kutoka juu, inakuja kwa vipande. Kisha Gwenda akasema, polepole, kama anayetoa maelezo kwa mgeni:

"Wako wawili. Mmoja yuko hapa juu, anavua koti, hatoki tena leo. Mwingine alitoka kununua mkate."

"Basi atakuwa amesharudi," alisema Nesta, na kitasa kilipolia kikafunguka, akausukuma mlango.